Mwanangu asema Mashahidi wa Namugongo walikuwa wasaliti

Swali

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza mukene (dagaa) mkavu sokoni Malaba. Mwaka huu nimetembea na wenzangu wa parokia kutoka Tororo mpaka Namugongo, walipochomwa Mashahidi wa Uganda, na ilikuwa mara yangu ya tatu. Shingoni nilivaa rozari, mkononi nilishika bendera ndogo ya Uganda. Niliporudi, kifungua mimba wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuo kikuu Kampala, alinikuta nimeloweka miguu kwenye beseni. Akaniambia: "Mama, chagua kimoja. Ukishika rozari, bendera iache. Wale vijana walimkataa mfalme wao Mwafrika kwa ajili ya dini ya mzungu. Mzalendo alikuwa Mwanga, aliyepigana na Waingereza mpaka wakampeleka kisiwani." Baba yake alikasirika, akamwambia atoke. Ametoka, na sasa ni wiki tatu hajapiga simu. Mimi niliishia darasa la saba, sina la kumjibu. Je, asemayo ni kweli? Na mwakani niiache ile bendera nyumbani?

*Mama wa Malaba*

Jibu

Milele amina, Mama. Mimi ni Mprotestanti, salamu hii nimejifunza kwa majirani, lakini naipenda.

Kabla ya historia yoyote, mpigie simu mwanao leo. Usisubiri aanze yeye. Baba yake kama bado amenuna, piga ukiwa sokoni. Nimefundisha historia miaka 31 katika shule za sekondari upande wa Busoga, na walionitia wasiwasi miaka yote hiyo ni wale walionakili ubaoni wakaenda zao. Mwanao amesoma, akaumia kwa ajili ya mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, na uchungu wake akauleta nyumbani kwa mama yake. Huyo ana moyo. Tatizo ni kwamba amefunga kitabu katikati.

Na alichosoma ni kweli, usimkatalie. Mwanga alirithi kiti cha ufalme wa Buganda mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka kama 16, mdogo kuliko mwanao. Habari zilikuwa zinamfikia kwamba Wajerumani wananyakua nchi huko pwani. Waganda, yaani watu wa Buganda, walikuwa na utabiri wa zamani kwamba watakaoimeza nchi yao watatokea mashariki kwa njia ya Busoga, na Askofu James Hannington, mmisionari Mwingereza, akaja kwa njia hiyohiyo. Aliuawa huko Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Kila nilipofika hapo darasani niliwaambia wanafunzi wasimcheke Mwanga kwa hofu yake, maana alichokihofia kilikuja. Mwaka 1894 Waingereza walitangaza himaya yao. Mwaka 1897 Mwanga aliasi, akapigana. Mwaka 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na wote wawili wakaishia uhamishoni Shelisheli. Makanisa yetu yakisimulia Namugongo bila sehemu hii yanakosea. Vijana huja kuigundua wenyewe huko vyuoni, wakajiona walidanganywa tangu utotoni. Nadhani hilo ndilo lililompata mwanao.

Sasa muulize, kwa upole: wale vijana walimnyima mfalme nini hasa?

Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mkubwa wa watumishi wa ndani ya ikulu. Aliposikia kwamba Hannington ameuawa, alimwendea Mwanga akamwambia usoni kwamba si haki kumuua mgeni bila hata kumsikiliza. Isitoshe, alikuwa akiwakinga watumishi wadogo, watoto wa watu, wasiangukie tamaa za mfalme. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa zamu ya Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi hao, na wenzake, wakachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti. Mashahidi wote wanaohesabiwa na makanisa yetu mawili ni 45: wenu 22, wetu 23. Vijana wale walimtumikia mfalme usiku na mchana. Hawakumwinulia bunduki, na wengi hawakukimbia hata walipojua kinachokuja. Mtumishi anayemwambia bwana wake "hapa unakosea", kisha akabaki palepale pa kazi yake, mimi neno usaliti siwezi kulibandika kwake.

Hiyo habari ya dini ya mzungu nayo ina upande mwingine. Miaka ya 1870, kabla ya Mwanga, baba yake Mutesa aliwaua vijana wa Kiislamu wa ikulu yake kwa sababu walikataa kula nyama iliyochinjwa na watu wa mfalme wasio Waislamu. Hao hawakutumwa na mzungu yeyote. Kilichowaudhi wafalme wote wawili ni kilekile: kwamba pana mahali ndani ya mtu ambapo amri yao haifiki.

Usaliti akiutafuta, Mama, ataupata, ila aende Mengo, makao ya mfalme. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu waliungana wakamwondoa Mwanga. Muda haukupita, Waislamu wakawageukia Wakristo. Na Wakristo hao, ndugu na marafiki wa waliochomwa, ndio waliopigana mpaka wakamrudisha Mwanga kitini. Yaani walimrudisha yule aliyewaua wenzao! Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Ingalikuwa hadithi imeishia hapo, ningalifurahi kuifundisha kila siku.

Lakini tarehe 24 Januari 1892, hapo Mengo, Wakristo walipigana wao kwa wao. Wakatoliki waliitwa Wafransa, Waprotestanti waliitwa Wangereza. Yafikirie majina hayo. Waganda, watu wa koo zilezile, waliozaliwa kwenye vilima vinavyotazamana, wanajiita kwa majina ya nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga, na kwa majina hayo wanauana. Kapteni Lugard, Mwingereza, aliwagawia Waprotestanti bunduki, na mwenyewe alikuwa na bunduki ya Maxim pale kilimani. Miaka 6 tu baada ya Namugongo! Watu wa kanisa langu walishinda siku hiyo, nami sijaona cha kujivunia mpaka leo. Makovu yake tulikuja nayo hadi kwenye uhuru na vyama vyetu vya siasa: DP ilijulikana ni ya Wakatoliki, UPC ni ya Waprotestanti, na watu walipiga kura wakitazama kanisa la mgombea. Mwambie mwanao kwamba akitaka kukasirika na Wakristo, akasirikie hapo, nami nitakaa naye kwenye benchi moja.

Kuna jambo jingine naona nyote wawili mmelipita. Wewe ni wa Malaba. Mwanga hakuwa mfalme wa mababu zenu. Mganda waliyemfahamu wazee wa Budaka, Mbale na Tororo ni Semei Kakungulu, jemadari Mprotestanti. Alikuwa miongoni mwa waliomkamata Mwanga na Kabalega mwaka 1899, kisha akaja mashariki na watu wake wenye bunduki, wakajenga ngome na kuweka machifu wa Kiganda. Basi mwanao akisema "mfalme wetu", wazee wake mwenyewe wangemuuliza ni wetu akina nani. Ile Uganda ya bendera yenye korongo haikuwepo mwaka 1886. Ilipandisha bendera yake tarehe 9 Oktoba 1962, ikiwa imeunganishwa kutoka nchi nyingi ambazo baadhi zilikuwa hazisalimiani.

Sisemi hivyo kumkata maneno kijana. Ninachokiona ni kwamba mwanao amemwazima shujaa wake kutoka Buganda, na wewe umewaazima mashahidi wako kutoka Buganda hiyohiyo. Unatoka Tororo, unapita Bugiri, Iganga na Jinja, unavuka Mto Nile, unapita msitu wa Mabira, kama kilomita 200 kwa miguu, kwenda kuwalilia vijana ambao bibi yako asingewaelewa lugha. Uganda inatengenezwa hivyo. Ile bendera mkononi mwako haikuwa pambo, Mama.

Kuhusu kuchagua kimoja, nina ushahidi wa nyumbani. Baba yangu alikuwa polisi Jinja, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha kambini. Alianza kazi chini ya Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi yetu, na picha yake ilikuwa ukutani kwetu. Februari 1977 maaskofu wa kanisa letu walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Tarehe 16 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili: Oryema mwenyewe, na Charles Oboth-Ofumbi wa huko kwenu Tororo. Redio ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Nilikuwa na miaka 13. Baba aliizima redio, akaishusha ile picha ukutani, akaifunga kwenye shuka. Hakusema neno.

Kesho yake alfajiri alipiga pasi sare yake kama kawaida, akaenda kupandisha bendera kituoni, kwa kuwa wiki hiyo ilikuwa zamu yake. Nilichukia. Usiku nilimuuliza anawezaje kuipandisha bendera ya mtu yule. Akanijibu kwa sauti ya chini sana, "Hii si ya kwake." Na Jumapili, siku ambayo watu wengi waliogopa hata kulitamka jina la Luwum, alivaa suti yake akaenda kanisani, akakaa benchi la mbele, mahali ambapo kila aliyeingia angemwona. Nimejaribu maisha yangu yote kuvitenganisha vitendo viwili vya wiki ile, kimoja cha nchi na kingine cha imani, nimeshindwa. Aliyafanya yote kwa moyo mmoja, na yote mawili yangeweza kumgharimu maisha.

Luwum alizikwa kwao Mucwini, na leo 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Mwombe mwanao afikirie hilo pia: aliyeitwa adui wa nchi mwaka 1977, nchi hiyohiyo inamfungia maofisi siku nzima.

Kwa hiyo bendera ibebe. Maneno yaliyo chini ya nembo ya taifa letu ni "Kwa Mungu na Nchi Yangu", na Mungu ametajwa kwanza. Mashahidi walitangulia kuufuata mpangilio huo miaka mingi kabla nembo haijachorwa. Nchi ikiomba nafasi ile ya kwanza, hapo ndipo Mkristo anakataa, kama Balikuddembe alivyokataa, bila kuacha kuwa mwana wa nchi. Na Kanisa nalo likitaka kuitumia bendera kufunika machozi ya watu, hapo pia tukatae.

Akirudi mwanao, msibishane mezani. Nenda naye Namugongo siku isiyo na umati, mtazame kanisa lenu na lile letu, hayako mbali. Halafu mpande taksi mwende Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Mwanga yuko huko. Alifia Shelisheli mwaka 1903, mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Kabla ya kufa alibatizwa, akaitwa Danieli. Usimwambie haya njiani, mwache ayasikie palepale, karibu na kaburi, na mmpe Danieli Mwanga sala moja, wewe kwa rozari yako na yeye kwa namna atakayoiweza.

Nauli ya siku hiyo mwombe baba yake. Atoe yeye.