Kigeu ukiweke wapi? Majibu ya maswali yenu

Wete: Nna app ya tiketi za boti, nimeiandika kwa Node.js. Abiria wawili wakikata pamoja, mmoja anaona jina la mwenzake. Kwani vipi?

Yakhe, hilo litengeneze leo leo, hizo ni taarifa za watu. Kigeu (variable, jina linaloshika thamani kwenye kodi) cha abiria umekiweka juu kabisa ya faili, nje ya fanksheni zote, na Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, ni prosesi moja inayokaa hai muda wote, maombi ya kila mtu yanapita humo humo, sasa wa kwanza kaandika jina lake, kodi inasubiri databesi, mara wa pili kaingia kaandika juu yake, jibu likirudi jina lishakuwa la mwengine. Kitangaze kwa const ndani ya fanksheni inayopokea ombi, kila ombi litapata chake. Cha kudumu, kama nani kalogini, kiende kwenye sesheni, yaani kumbukumbu inayowekwa mbali mbali kwa kila mtumiaji. Na ukijaribu peke yako hutoliona tatizo, fungua brauza mbili ubonyeze pamoja.

Mwanakwerekwe: PHP yangu inakufa kwenye ripoti ya mwaka, inasema memori imeisha na kutoa namba 134217728.

Hizo ni baiti, sawa na MB 128, kiwango cha kawaida cha memory_limit, yaani ukomo wa memori ya PHP. PHP ombi likisha inafuta vigeu vyote, kwa hiyo shida iko ndani ya ombi hilo hilo moja: umetumia fetchAll, inayovuta mistari yote kwa mkupuo, mauzo ya mwaka mzima yamemwagwa kwenye kigeu kimoja. Watu watakwambia pandisha iwe 512, mie nakataa kabisa, mwakani data zitazidi utarudi pale pale. Kama unataka jumla ya kila mwezi tu, iache MySQL ihesabu kwa SUM na GROUP BY, PHP ipokee mistari 12 basi.

Chake Chake: Kwenye JavaScript, kigeu nikitangaze kwa var au let?

Tumia const, ukihitaji kubadilisha thamani let. Zote zipo tangu 2015. var ukiitangaza ndani ya if au for inaonekana fanksheni nzima, hapo ndo vigeu vinapogongana.

Jambiani: Peji ya mapokezi ya gesti ikiachwa wazi tangu asubuhi, jioni kompyuta nzito.

Tafuta setInterval (amri ya JavaScript inayorudia kazi kila baada ya muda) isiyosimamishwa. Kila ukifungua orodha ya vyumba inaanza nyengine mpya, za zamani bado zinakwenda na kila moja imeshikilia orodha yake, na brauza haifuti kitu ambacho bado kimeshikwa. Ita clearInterval orodha inapofungwa. Kuhakikisha, kwenye Chrome bonyeza F12, nenda Memory, piga snepshoti mbili, moja sasa na nyengine baada ya muda, ulinganishe.