Andika Usiku Uleule: Namna ya Kutunza Kumbukumbu za Maonyesho ya Roki ya Anga

Shabiki yeyote wa roki ya anga, ule muziki wa magitaa na milio ya kielektroniki uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, atakuambia kwamba onyesho lake la kwanza halisahauliki. Hata mimi nilisema hivyo usiku nilipotoka kuwatazama Hawkwind katika ukumbi mmoja wa London, Dave Brock, aliyeianzisha bendi hiyo mwaka 1969, akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 80 na bado gitaa liko mkononi. Wiki mbili baadaye rafiki yangu wa Tanga alinipigia simu akaniuliza ilikuwaje, nami nikajikuta sina la kumwambia zaidi ya taa, kelele na furaha. Video nilizorekodi kwa simu zilionyesha mwanga mweupe uliopauka na besi iliyokoroma, wala hapakuwa na hata moja iliyonirudishia nilichokiona. Iliniuma sana, kwa kuwa usiku huo nilikuwa nimeusubiri kwa miaka mingi.

Tangu hapo nimehudhuria maonyesho mengine, na nimeketi na mashabiki wakongwe ambao katika miaka ya 1970 walikuwa vijana wa kusimama mbele kabisa ya jukwaa. Nilichojifunza ni kwamba kumbukumbu ya muziki huu haikai yenyewe. Iliyo yako huna budi kuiandika mapema, na iliyo ya mwenzako huna budi kuiomba kwa upole.

Sababu imo katika muziki wenyewe. Sisi tuliokulia kwenye dansi na taarabu tumezoea wimbo wenye maneno ya kushika, wenye kiitikio, na wenye mahali ambapo kila mtu anajua kwamba sasa ndipo pa kuinuka. Hata baada ya miaka 30 ukikumbuka ubeti mmoja, ukumbi mzima unarudi. Roki ya anga inauvunja utaratibu huo kwa makusudi. Katika ziara ya Space Ritual, mwishoni mwa mwaka 1972, Hawkwind walipiga takriban bila kupumzika, nyimbo zikiunganishwa na mashairi aliyoyaghani Robert Calvert na milio iliyotoka kwenye mashine za kielektroniki za DikMik na Del Dettmar, huku besi ya Lemmy ikinguruma chini, saksafoni ya Nik Turner ikipenya katikati na Stacia akicheza jukwaani. Onyesho lenyewe lilibuniwa kama ndoto za wasafiri wa anga waliolazwa usingizi mrefu, na ndoto, kama tujuavyo, hukimbia pindi mtu anaponawa uso asubuhi.

Taa nazo zina tabia hiyo hiyo. Katika maonyesho ya zama zile ilikuwa kawaida kubana mafuta na rangi kati ya vipande viwili vya kioo, kisha kuvipitisha mbele ya taa ya projekta. Joto la taa lilikifanya kile kimiminika kitutumke, mapovu yakatambaa, rangi nyekundu ikaimeza ya buluu, na kitone kisichozidi punje ya mtama kikatanda ukuta mzima nyuma ya wanamuziki. Jonathan Smeeton, aliyejulikana kwa jina la Liquid Len, ndiye aliyeongoza taa za Hawkwind miaka hiyo. Picha ya namna hiyo haijirudii, na kwa hiyo mashabiki wawili waliosimama bega kwa bega wanaweza kukumbuka rangi tofauti, kila mmoja akasema kweli.

Basi, andika usiku uleule, hata kama ni ndani ya basi la kurudia nyumbani. Anza na mwili: besi ilikutikisa wapi, kifuani au kwenye nyayo, ukumbi ulinuka nini, ulisimama upande gani wa spika, jirani yako alifanya nini milio ilipoanza kupanda. Orodha ya nyimbo iache mwisho, kwa maana hiyo utaipata kwa wengine, ila harufu ya koti la mvua la mtu aliyekuwa mbele yako hakuna atakayekupa. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naona kumbukumbu ni mali ya namna hiyo. Simu itoe mara moja, upige picha moja, kisha irudishe mfukoni. Vaa vizibo vya masikio bila kuona haya: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti katika kumbi usizidi desibeli 100, na masikio yanayovuma siku tatu hayakuachii nafasi ya kukumbuka wimbo. Mwenye kifafa, au anayesumbuliwa na taa zinazowaka na kuzimika kwa kasi, aulize ukumbi kabla hajanunua tiketi.

Kuwauliza wakongwe ndiko kulikonishinda mwanzoni. Mzee mmoja niliyefanya naye kazi ghalani alinisimulia kwamba aliwaona Hawkwind huko Brixton, kusini mwa London, katika ukumbi ulioitwa Sundown, siku chache kabla ya Krismasi ya 1972. Kabla hajamaliza sentensi nilimkatiza, nikamwambia kwamba Brixton ilikuwa tarehe 30 Desemba na kwamba iliyotangulia Krismasi ilikuwa Liverpool, tarehe 22. Ndiyo maonyesho mawili yaliyorekodiwa kwa ajili ya albamu ya Space Ritual iliyotoka Mei 1973. Tarehe zangu zilikuwa sahihi. Mzee alivua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati, akasema, "Basi wewe unajua kuliko mimi," na habari ikaishia hapo kwa miezi kadhaa. Siku hizi naandika kurasa mbili zinazotazamana, moja ya maneno ya msimuliaji kama alivyoyatamka, nyingine ya tarehe na majina niliyoyahakiki baadaye nikiwa peke yangu, na msimuliaji simsomei ukurasa huo wa pili asipouliza.

Nilipomrudia, sikumuuliza lolote kuhusu bendi. Nilimuuliza alirudije nyumbani usiku ule. Alicheka, akaniambia alikosa treni ya mwisho, akatembea na rafiki yake katika baridi mpaka wakavuka mto Thames, masikio yakiwavuma kiasi kwamba kila mmoja alipaza sauti akidhani mwenzake hasikii. Kisha aliinuka, akaileta santuri ya Space Ritual na kulikunjua jalada lake alilolichora Barney Bubbles, vipande sita, mpaka likaifunika meza na vikombe vikalazimika kushushwa sakafuni. Kwenye mkunjo mmoja palikuwa na doa la chai la rangi ya kahawia. Aliweka kidole juu ya doa hilo na kusema kwamba lilimwagwa na yule rafiki yake aliyetembea naye, ambaye sasa ni marehemu, kisha akaanza kunisimulia onyesho tangu taa zilipozimwa.