Kutoka Tingatinga kwenda sanaa dhahania

Ndugu yangu, umeuliza kama uache Tingatinga, ule mtindo wa Kitanzania wa kuchora wanyama kwa rangi kali za mafuta, baada ya miaka mingi ya kuwachorea watalii chui na tausi, uingie kwenye sanaa dhahania, isiyochora kitu kama kinavyoonekana, ya kubandika vitu. Usiache kwa mkupuo, maana ndiyo inayokulipia kodi. Tenga ubao mmoja usio wa kuuza. Mchore chui yuleyule, kisha msogelee mpaka yabaki madoa na mstari wa mgongo tu. Hapo umeshaingia, na mkono bado ni wako.

Kwenye kubandika, zingatia mpangilio. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta hubanduka. Piga ubao msasa, bandika vipande vya khanga au gazeti kwa gundi nyeupe ya mbao, acha vikauke kabisa, paka ya maji, ya mafuta iwe ya mwisho.

El Anatsui, msanii maarufu wa Ghana anayeunganisha vifuniko vya chupa kuwa kama vitambaa vikubwa, naye alianza na mbao na udongo. Vifuniko vilikuja baadaye. Ukipata kazi kadhaa, waonyeshe kwanza wasanii wenzako, pale kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, Dar es Salaam, kwa mfano, kabla ya mteja.