"Mara kwa mara" ndiyo siku gani?

Usiku ule pampu ya zimamoto ya ghala letu iligoma kuwaka. Vijana waliuzima moto kwa mitungi na ndoo kabla haujapanda darini, hakuna aliyeumia. Betri ya pampu ilikuwa imekufa zamani. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa usalama, na hadi kunakucha nilikuwa nimeshamtia hatiani mlinzi wa zamu, mzee aliyenizidi umri kwa mbali. Nani asiyejua kwamba injini isipowashwa betri hufa?

Nikamwita mbele ya wenzake, nikamwonyesha maelekezo ya ukutani, yenye saini yangu: "Pampu iwashwe mara kwa mara." Akayasoma taratibu.

"Mkuu," akauliza, "mara kwa mara ndiyo siku gani?"

Nilikosa jibu. Nikakumbuka habari ya Dhahran, Saudia. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia makazi ya askari wa Marekani na kuua 28. Mtambo wa Patriot uliotakiwa kulidungua ulikuwa umewashwa, ila haukufyatua. Kompyuta yake ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu hiyo haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta; kila hesabu ilidondosha chembe. Baada ya zaidi ya saa 100 mfululizo, chembe zilifika theluthi moja ya sekunde. Kwa kasi ya Scud hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Rada ikalitafuta kombora mahali lisipokuwepo.

Kuuzima mtambo na kuuwasha upya kungetosha. Ukiujua mwisho, ni rahisi kusema aliyekuwa zamu alizembea. Lakini fuata tarehe. Waisraeli, waliokuwa na mitambo ya aina hiyohiyo, waliwaarifu Wamarekani kuhusu kasoro hiyo tarehe 11 Februari. Programu iliyorekebishwa ilitolewa tarehe 16, ikafika Dhahran tarehe 26, maiti zikiwa zimeshahesabiwa. Katikati hapo, tarehe 21, watumiaji walitumiwa ujumbe kwamba mtambo ukiwashwa "muda mrefu sana" utakosea shabaha. Saa ngapi? Ujumbe haukutaja. Wakubwa walidhani hakuna atakayeuacha uwake muda wote huo.

Ni "mara kwa mara" yangu ileile, imevaa sare ya jeshi.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kuchunguza kilichoharibika, usianze na "nani". Chukua karatasi, panga tarehe, na mbele ya kila tarehe andika kila mtu alikuwa na taarifa gani siku hiyo. Unachokijua leo kiache nje ya karatasi; hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu kichwa kinakichomeka bila ruhusa yako. Nilipopanga za kwetu, jina la mzee lilitokea mara moja. Langu lilitokea mara nne: yale maelekezo, na fomu tatu za ukaguzi wa mwezi nilizotia saini nikiwa ofisini bila kushuka kuiona pampu.

Sisemi watu wasiwajibishwe. Nimekaa vikao ambavyo kila mtu anasema "tatizo ni mfumo", chai inanywewa, watu wanatawanyika. Anayetia saini ukaguzi ambao hakuufanya, huyo ana la kujibu. Nilizipeleka fomu zile mwenyewe kwa mkurugenzi, nikapewa barua ya onyo. Mzee nilimwomba radhi mbele ya walewale waliosikia nikimlaumu. Tusiombe radhi chemba kwa lawama tulizozitoa hadharani.

Maelekezo mapya tuliyaandika naye: "Kila Jumatatu saa 2 asubuhi, pampu iwashwe dakika 30. Volti za betri ziandikwe. Isipowaka, msimamizi apigiwe simu palepale." Mzee akaomba kalamu, akaongeza chini yake: "Na aje."