Tanga la mita mbili litakaa wapi? Kuchagua chuo kidogo Marekani ukiwa mchoraji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Pangani, nasoma mwaka wa mwisho UWC East Africa, shule ya kimataifa iliyoko Moshi. Nachora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya matanga chakavu ya majahazi, na kazi zangu nyingi zina upana wa mita mbili. Nataka kuomba vyuo vidogo vya sanaa huria (liberal arts, ambako mtu husoma masomo ya aina nyingi) Marekani, na nimebaki na vitatu: Bennington, Oberlin na Williams. Baba anauliza habari za ajira, mimi nawaza uchoraji. Nichague kipi? Na potifolio nitume au niache?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Picha zako sita nimezitazama moja moja, na hizo mita mbili ndizo zitakazotuongoza. Tanga lenye rangi mbichi halipiti mlango wa bweni, na rangi ya mafuta hukaa siku kadhaa, pengine wiki, kabla ya kukauka. Kwa hiyo iandikie idara ya sanaa ya kila chuo, usiishie ofisi ya udahili. Uliza: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata ukuta wake? Studio iko wazi saa tano usiku? Kipindi kikiisha, kazi inabaki ukutani au inaondolewa? Vyuo vingi huwawekea wa mwaka wa nne vyumba vyao, na wa chini hugawana nafasi. Kwa mtu anayechora kila siku, kukunjakunja matanga miaka mitatu ni adhabu.

Bennington, kule Vermont, ilifunguliwa 1932, na tangu mwanzo sanaa iliwekwa katikati ya masomo. Huko mwanafunzi hupanga mwelekeo wake mwenyewe akishauriana na walimu. Mchoraji Helen Frankenthaler alihitimu hapo 1949. Mtafute, maana alikuwa akimwaga rangi nyepesi juu ya turubai tupu hadi kitambaa kikainywa, na wewe wa matanga utamwelewa upesi. (Ila usimwige kwa kila kitu: mafuta hula nyuzi za kitambaa kitupu. Paka gundi kwanza, halafu rangi ya msingi.) Jambo la kupima Bennington ni muhula wa kazi: kila mwaka, Januari na Februari, mwanafunzi huondoka darasani akafanye kazi yapata saa 200. Ni mafunzo mazuri sana, lakini viza ya mwanafunzi, F-1, kwa kawaida haikuruhusu kazi ya malipo nje ya chuo kabla hujamaliza mwaka mmoja wa masomo. Waulize utalala wapi wiki hizo za baridi, na nauli italipwa na nani.

Oberlin iko Ohio. Makumbusho yake ya sanaa, Allen, yaliyofunguliwa 1917, yana desturi iliyoanza 1940 ya kuwakodisha wanafunzi kazi halisi wakazitundike bwenini, kwa dola 5 tu kwa muhula. Wapo wanaolala nje kwenye foleni ili wapate Picasso. Hebu fikiria kuamka miezi minne ukiitazama kazi ileile kwa mwanga wa asubuhi na wa jioni. Hakuna mhadhara unaokufundisha kutazama namna hiyo.

Williams, Massachusetts, ni ya mwanafunzi anayependa na historia ya sanaa. Makumbusho ya Clark unayafikia kwa miguu, na kilomita chache tu, mjini North Adams, yapo makumbusho ya sanaa ya kisasa, MASS MoCA, yaliyofunguliwa 1999 ndani ya kiwanda cha zamani. Kumbi zao ni kubwa kiasi kwamba tanga lako humo litaonekana kama leso.

Sasa Baba. Mwambie kwamba shahada ya vyuo hivi ni BA: sehemu kubwa ya masomo iko nje ya studio, tofauti na BFA ya shule za sanaa, ambako karibu theluthi mbili ni studio. Unaweza kuchukua uchoraji pamoja na uchumi. Baada ya kuhitimu, ruhusa ya kazi iitwayo OPT ni miezi 12. Nyongeza ya miezi 24 ni kwa masomo ya sayansi na teknolojia, na uchoraji haumo. Baadhi ya vyuo vimeusajili uchumi wao katika kundi hilo, kwa hiyo ulizia msimbo wa kozi kabla ya kuamua.

Fedha ndiyo itakayokata shauri. Williams hukidhi mahitaji yote ya kila aliyepokelewa, wageni wakiwemo, na tangu 2022 imeondoa mikopo kwenye msaada wake. Kupokelewa ndiko kugumu. Ningeongeza Amherst na Bowdoin, ambazo hazimhukumu mwombaji wa kigeni kwa uwezo wa kulipa. Na kwa kuwa uko UWC, muulize kaunsela wako habari za ufadhili wa Davis, unaowasaidia wahitimu wa UWC katika vyuo vingi vya Marekani. Maombi ya mapema yanayokufunga, yaani ukipokelewa huna budi kujiunga, usiyaguse kabla Baba hajaona makadirio ya ada. Ningekuwa mzazi wako, ningeomba Williams na Oberlin kwa nguvu zote, na Bennington ningeipenda baada ya kuiona barua yake ya fedha.

Potifolio tuma. Kazi zako zina nguvu, na walimu wa sanaa ndio watakaozisoma. Lakini picha ulizopiga zinazionea. Litundike tanga ukutani nje, upande wa kivuli, saa tatu asubuhi, lisiguswe na jua. Rudi nyuma hatua sita, vuta picha kidogo kwa kamera ili kingo zisipinde, simu iwe usawa wa katikati ya kazi, na flashi izime. Kisha piga moja ya karibu, ioneshe sindano ya fundi tanga ilipopita na rangi ilivyojikusanya kwenye mshono. Hiyo itawaeleza unakotoka kuliko insha yako yote. Lile lenye viraka vitatu vya buluu lipige upya kabisa, maana taa ya chumbani imeigeuza buluu kuwa kijani.