Kinyago cha ngoma moja

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mchonga milango hapa Langoni. Nimesoma kwamba Wayup'ik wa Alaska walichonga vinyago kwa ustadi mkubwa, kisha wakavitupa au kuvichoma moto baada ya ngoma. Kwa nini?
Fundi, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Wayup'ik wa kusini-magharibi mwa Alaska waliamini kwamba mnyama hujitoa mwenyewe kwa mwindaji anayemheshimu. Vinyago, vilivyochongwa kwa magogo yaliyoletwa na maji, mara nyingi kwa maelekezo ya mganga aliyeona maono, vilichezwa majira ya baridi ili kuwaomba wanyama warudi msimu ujao. Ombi likishafikishwa, kazi ya kinyago ilikwisha. Mlango wako hukusudiwa wajukuu. Kinyago hiki hakikukusudiwa hivyo.

Kwa maoni yangu, sherehe ya vibofu ndiyo inayoeleza zaidi: vibofu vya mkojo vya sili (wanyama wa baharini) waliouawa mwaka ule, vilivyoaminiwa kuwa makao ya roho zao, vilijazwa pumzi, vikatundikwa katika nyumba ya wanaume, vikakirimiwa kama wageni (chakula na nyimbo havikukosekana), kisha vikarudishwa majini kupitia tundu la barafu ili sili wazaliwe upya.

Wamisionari wa Kikristo walizipiga vita ngoma hizo, lakini uchongaji umefufuliwa.