Kifua kikibana, miguu na maneno viende pamoja

Sisi tuliokwenda vitani Uganda mwaka 1979 tumezeeka. Tukikusanyika Julai 25, Siku ya Mashujaa, utasikia vikohozi vyetu kabla hujaziona medali. Wengine ni sigara, walizianza kambini wakiwa vijana. Wengine, kama mimi, tulipotoka jeshini tuliingia kwenye mkonge, mchana kutwa unakula vumbi la nyuzi, jioni ukirudi nyumbani unapokewa na moshi wa kuni. Nilipopuliza kile kipimo cha mapafu, daktari hakunizungusha: ugonjwa ni sugu, njia za hewa zimesinyaa, zipo dawa za kuzipanua kidogo lakini ya kuzirudisha zilivyokuwa hakuna.

Ninaandika kwa ajili ya wastaafu wenzangu wenye hali hii, na kwa watoto na wajukuu wanaowasomea simu. Dawa mnazijua. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba mazoezi na mazungumzo na mnasihi viende sambamba, katika wiki zile zile, si hiki mwaka huu na kile mwakani.

Ukiwa na mapafu haya, shida kubwa ni kutoa hewa. Ukipumua haraka haraka, hewa mpya inaingia ya zamani haijatoka, kifua kinajaa, unatweta. Ukitweta unaogopa, na ukiogopa unazidi kupumua haraka. Basi unaamua kukaa. Ukikaa miezi, misuli ya miguu inanyong'onyea, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Mwisho hata kufika kwenye geti ni safari. Kwa mtu aliyepita vitani kuna jambo la ziada: kukosa pumzi kunafanana mno na hofu ya siku zile. Moyo unakimbia, jasho linakutoka, na mwili hausubiri kuambiwa kwamba uko Tanga na vita vimekwisha.

Ndiyo maana mazoezi peke yake yaliwashinda wengi ninaowajua. Mtu anapewa maelekezo mazuri, siku ya pili kifua kinabana, anaogopa, harudi tena. Na mazungumzo peke yake, ukiwa umekaa kwenye kiti ofisini pumzi imetulia, unaongea habari za hofu ambayo wakati huo haipo.

Kwangu mambo haya mawili yalikutana Ngamiani. Mitaa yetu ina namba, kwa hiyo huhitaji saa wala mita: leo umefika Barabara ya Tisa, wiki ijayo jaribu ya Kumi. Natembea asubuhi jua halijawa kali, pamoja na mpwa wangu. Siku hiyo bodaboda ilipasua mlio nyuma yetu, paa! Nikajikuta nimeshika ukuta wa nyumba ya watu, hewa haiingii wala haitoki, nikajua leo ndiyo leo.

"Mjomba, toa kwanza," akaniambia. "Usivute. Toa."

Huku akanibana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni. Kikasoma 94, sawasawa na kilivyosoma tulipokuwa tunatembea vizuri. Sasa mtu asikudanganye kwamba namba nzuri maana yake unajifanya. Pumzi hubana kweli hata oksijeni ikiwa ya kutosha. Lakini namba ile ilinipa kitu cha kupeleka kwa mnasihi. Akaniuliza, pale ukutani ulikuwa unawaza nini? Nikamwambia, nilikuwa nawaza nakufa. Akauliza tena kwa upole, "Baba, umewahi kuwaza hivyo mara ngapi, na umekufa mara ngapi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Tangu hapo tukaanza kufanya kazi: kuikamata ile fikra inapokuja, kuipima, kisha kurudi mtaa ule ule wenye bodaboda, kidogo kidogo, badala ya kuukwepa. Ya vitani nayo yalifuata. Hayo yanabaki ofisini kwake, na kwangu hiyo ni nusu ya dawa, kwa sababu barazani kwenye kahawa askari hasemi aliota nini.

Namna ya kupumua ni hii: vuta kwa pua taratibu ukihesabu mbili, kisha bana midomo kama mtu anayepoza uji, toa ukihesabu nne. Ukibanwa sana, inama mbele kidogo, mikono juu ya magoti au ukutani. Fanya mazoezi ya jambo hili ukiwa mzima, maana siku ya kubanwa si siku ya kujifunza.

Mwendo uwe wa kukuruhusu kusema sentensi moja lakini si kuimba. Kutweta kidogo kunatakiwa, kusikutishe. Nyumbani, kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kadhaa, kwa ajili ya mapaja. Chupa mbili za maji za nusu lita zinatosha kwa mikono. Mipango ya hospitali kwa kawaida huwa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 6 hadi 12. Kama daktari amekuandikia pampu ya kufungua kifua kabla ya mazoezi, itumie, na utembee nayo mfukoni. Pa kuanzia kuulizia ni hospitali ya rufaa ya mkoa, hapa kwetu Bombo: ulizia mazoezi tiba na ushauri nasaha kwa pamoja, maana usipouliza unaweza kupewa vidonge tu ukaambiwa rudi baada ya mwezi.

Na hao wanaonunua vidonge vya usingizi dukani ili watulie, jamani, acheni. Baadhi ya dawa hizo hupunguza nguvu ya kupumua, na sisi nguvu hiyo hatuna ya akiba. Sigara nayo sitaihubiri. Mnajua.

Wenzetu Marekani, ilibidi ipitishwe sheria Agosti 2022 ndipo maradhi mengi ya mapafu ya askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan yahesabiwe kuwa yametokana na kazi. Kwetu usisubiri sheria, anza na mtaa wako.

Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka, midomo ikigeuka rangi, au ukipumzika na kutumia pampu na bado pumzi hairudi, acha na uende hospitali. Vivyo hivyo makohozi yakiongezeka au yakibadilika rangi, au ukipata homa. Ukishatibiwa, usirudi pale ulipoishia: anza nusu ya mwendo, na umwone mnasihi wiki hiyo hiyo, kwa kuwa baada ya kulazwa hofu hurudi kabla ya nguvu.